Pingili Tatu Katika Sanduku la Kumi na Tisa

Sehemu ya Sita

Kama ni leo ndiyo umenikuta, naitwa Nguvan. Nina miaka arobaini na sita, na kazi yangu ni kuzalisha viazi vikuu mahali pasipo na udongo.

Nakata shina la kiazi pingili moja moja, kila pingili na jani lake, naichomeka kwenye tundu la sanduku, naibana kwa sponji. Ndani ya sanduku ni giza na hewa tupu. Mizizi inaota ikining'inia, na kila baada ya dakika chache pampu inairushia ukungu wa maji yenye chakula. Kitalu nyumba chetu kiko nje kidogo ya mji wa Gboko, na mbegu tunazozalisha humo zinatakiwa ziwe safi, zisizo na maradhi ya shambani.

Wiki zilizopita nimeeleza tulivyokimbia kijijini kwetu, mimi na mume wangu Orngu na mama yake, watatu juu ya pikipiki moja iliyosheheni viazi vya mbegu. Nikaeleza nilivyotupa viazi vile njiani ili mama mkwe apate pa kukaa, na alivyofariki kabla hatujafika. Tuliingia kambi ya wakimbizi bila mama na bila mbegu.

Orngu hakunigombeza. Aliacha tu kunisemesha. Mwezi wa nne wa kimya kile nikafunga nguo zangu nikaja huku.

Ikapita miaka mitatu. Halafu mwezi wa sita mwaka huu akarudi kijijini peke yake, akakuta shina moja la kiazi cha bibi yake limepanda juu ya mchungwa. Kiazi hicho kwao wanakiita Kpadoo, kwa jina la huyo bibi, na hakipo kwingine tena. Akalikata, akalizungushia kitambaa kibichi, akamwachia mlinzi wa geti letu. Hakuuliza kama nipo.

Niliishia pale nilipopita milango yote miwili ya kitalu na pingili tatu za Kpadoo kifuani, ndani ya kitenge. Sheria yetu kubwa ni moja: kitu cha shambani hakiingii ndani. Niliziweka sanduku la kumi na tisa, kwenye kona, kwenye matundu matatu ambayo miche yake ilikuwa imekufa.

Kinachofuata nimekiandika mara nne nikakichana mara tatu.

*

Pingili ya kwanza ilioza siku ya nne. Weusi ulianzia pale wembe ulipopita, ukapanda mpaka kwenye jicho, jani likaanguka. Nikaitoa kwa vidole viwili, nikatoka nayo kifuani kama nilivyoingia nayo.

Ya pili ikaoza siku ya saba.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Sikuwa na wa kumwambia. Chumba changu kiko nyuma ya soko la machungwa, kina kitanda, jiko la mafuta ya taa na kiti kimoja. Watu hudhani mtu wa peke yake anawakumbuka watu wake usiku. Mimi huwakumbuka mchana, nikianza kupika, maana mpaka leo sijajua kupika chakula cha mtu mmoja. Napika, nakula, kinabaki, kesho nakula kilichobaki.

Ile ya tatu nikawa naisemesha.

Nilifika kazini kabla ya wenzangu, nikainua kidogo bodi inayofunika sanduku, nikachungulia. Nikaiuliza imeamkaje. Nikaiambia leo kuna joto, ijikaze. Mtu angenisikia angesema Nguvan kichwa kimeanza kucheza, lakini hakuwepo wa kunisikia.

Siku ya kumi na mbili nikaona mzizi. Mweupe, mwembamba kama uzi wa fundi cherehani, haufiki hata nusu ya ukucha.

Nilitoka nje nikampigia Orngu. Nilikuwa na namba yake miaka yote hiyo na sikuwahi kuibonyeza. Akapokea.

"Kimetoa mzizi," nikasema.

Nyuma yake nilisikia watu wa kambini wakibishana kwenye foleni ya maji.

"Mingapi?" akauliza.

"Mmoja. Zilikuwa pingili tatu, mbili zimeoza."

Nikatazama simu kama haijakatika.

"Sawa," akasema, akakata.

Mingapi na sawa. Maneno mawili kwa miaka mitatu. Nilitembea nayo siku nzima kama mtu aliyebeba mayai.

*

Sasa nimtaje Tyolumun, maana bila yeye sina cha kukiri.

Tyolumun ndiye aliyekuwa mtunza tangi na pampu. Mtu mnene, sauti ya sokoni, anacheka kabla hajamaliza kuchekesha. Kila Jumatatu aliniletea kiazi cha kuchoma na mafuta ya mawese kwenye kikopo, kutoka nyumbani kwake. Alisema mtu anayekula peke yake hula vibaya, na yeye hataki kufanya kazi na mtu mwenye njaa anayeshika wembe.

Wiki moja baada ya ule mzizi, umeme ulikatika tangu asubuhi. Jenereta likafanya kazi mpaka saa saba mchana, likakohoa, likanyamaza.

Ukiwa na shamba, mvua ikichelewa siku tatu udongo unakutunzia unyevu. Mizizi yetu haina wa kuitunzia. Kwa joto la siku ile, saa moja tu ingetosha kuimaliza yote, masanduku ishirini na manne.

Tyolumun alikuwa nyuma ya jengo, kwenye matope, akishusha mapipa ya dizeli. Aliposikia kimya cha pampu akaja mbio. Alipita mlango wa kwanza, akapita wa pili, hakubadili viatu, hakukanyaga maji ya dawa yaliyowekwa mlangoni. Akajitwika bomba la kunyunyizia mgongoni.

"Fungua, mimi nanyunyiza," akaniambia.

Nikawa nainua bodi, yeye anapiga ukungu, narudisha, twende linalofuata. Wengine walikuwa wamekwenda kula. Tulifanya kazi jasho linatudondoka.

Tulipofika la kumi na tisa nikamwambia hili niachie, nitalifanya mwenyewe. Alikuwa ameshainama.

Akasita. Jani la Kpadoo ni jembamba na mishipa yake ina wekundu. Aliyelelewa na jembe hawezi kulikosea.

"Huyu mgeni katokea wapi?" akauliza.

Nikanyoosha mkono nirudishe bodi.

"Mlinzi kamwandika huyu? Ana kitambulisho?"

"Ni wa kwa mume wangu," nikasema. "Mwingine hayupo tena."

Tyolumun aliutazama ule mche. Mizizi ilikuwa imefika mitatu, na ncha zake zilianza kujikunja kwa ukavu. Akageuza bomba, akaunyunyizia huo kabla ya mingine, polepole, kama anamnawisha mtoto uso. Kisha akafunika bodi kwa mkono wake.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Twende ishirini."

Tuliiokoa miche yote siku ile. Haukufa hata mmoja.

*

Baada ya majuma mawili masanduku yakaanza kubadilika rangi.

Ilianzia la kumi na tano, ikaenda mpaka la kumi na tisa. Majani yakapata mabaka ya njano na kijani, yakajikunja kingo. Mkulima yeyote angekwambia ni batobato. Kwenye nyumba ya mbegu safi, neno hilo ni sawa na moto.

Mkuu wetu wa kazi ni Madam Ushie, mwanamke mwembamba kutoka upande wa Obudu, hapendi maneno mengi. Alichuma majani machache, akayapeleka maabara Ibadan. Majibu yalirudi Alhamisi. Akatukusanya sote sita kwenye meza ya kukatia.

"Ni virusi," akasema. "Masanduku matano. Kuna mtu ameingiza kitu humu."

Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilijua kilichoingizwa, na aliyekiingiza.

Lakini Madam Ushie hakunitazama mimi. Alikuwa amefungua daftari la mlinzi. Siku ya jenereta, mlinzi alikuwa ameandika kwamba Tyolumun amepita milango yote miwili na viatu vya nje vyenye matope. Na watu wote pale tulijua Tyolumun analima viazi nyumbani kwake, na kwamba mwezi wa nne alishaonywa kwa barua kwa kosa hilohilo la viatu.

"Uliingia na viatu hivyo?" Madam akamuuliza.

"Niliingia."

"Sheria unaijua?"

"Naijua. Siku ile nilitazama mizizi, Madam. Miguu sikuitazama."

Mtu mmoja alianza kucheka akaacha.

Madam Ushie akauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema.

Hapo ndipo Tyolumun aliponitazama. Hakunikazia macho, hakukunja uso. Alinitazama kwa utulivu, akangoja. Aliniachia nafasi ya sentensi moja.

Sentensi nilikuwa nayo. Madam, mimi ndiye niliyeingiza mche wa shambani. Basi. Nilishaitamka kichwani toka mwanzo hadi mwisho. Lakini nikawaza: nikisema, wanaung'oa leo. Nitafukuzwa leo. Na Orngu siku moja atauliza tena mingapi, nami nitasema hakuna.

Nikatazama wembe wangu mezani. Niliutazama kama vile una maandishi.

"Hakuna mwenye la kusema, Madam," Tyolumun akasema. "Andika jina langu."

Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Alipopita nyuma yangu nilisikia harufu ya dizeli.

*

Ijumaa asubuhi tulichoma masanduku matano.

La kumi na tisa nilipangiwa mimi. Madam Ushie alipita kwanza na vifuko vidogo, akachuma jani kwenye kila mche, akaandika namba, akafunga. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nangoja ageuke.

Alipogeuka nikakata pingili moja ya Kpadoo, na jani lake, nikaitia kifuani. Shina lililobaki na mizizi yake mirefu myeupe nikalitia guniani pamoja na mingine, nikalibeba mpaka shimoni kwa mikono yangu.

Mizizi iliyokulia hewani haina udongo wa kukung'uta. Inaingia motoni safi kama mboga iliyooshwa.

Nyumbani nilikata dumu la mafuta ya kupikia, nikalijaza pumba za mpunga zilizochomwa, nikalowesha, nikachomeka pingili, nikaifunika mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Nikaiweka juu ya kile kiti changu kimoja. Mimi nikakaa chini.

Mtu aliyekuwa akinilisha alikuwa amefukuzwa, na mimi nilikuwa nahakikisha jani halipigwi na upepo.

*

Jumapili nilikwenda kwa Tyolumun. Nakuomba msomaji uniamini, nilikwenda kusema.

Niliwakuta uani. Mkewe, Wantor, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi, alikuwa anatwanga viazi. Aliponiona aliacha mchi akaja kunipokea begi. Hakuna mwingine kutoka kazini aliyekuwa amefika kuwapa pole, akaniambia. Ni mimi tu.

"Nilimwambia mume wangu," akasema, "yule dada wa sanduku la kumi na tisa na la ishirini atakuja. Unamlisha kila Jumatatu, hawezi kukosa kuja."

Nikasema nimekuja tuongee. Tyolumun akasema tutaongea tukishakula.

Tukala ruam ya moto, vile viazi alivyotwanga, kwa supu ya bamia na samaki mkavu. Wantor alinikatia tonge kubwa, nikimaliza ananiongezea. Tyolumun alisimulia vituko vya mlinzi wetu, akaiga sauti ya Madam Ushie, sote tukacheka. Nilikuwa sijala na watu tangu Krismasi. Nasema ukweli, kuna wakati nilisahau kilichonipeleka.

Tulipomaliza kunawa nikasema, "Tyolumun, kuna jambo."

"Kimeshika?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Wantor alikuwa amekwenda kuweka vyombo.

"Nini?"

"Yule mgeni wako. Najua hukumwacha aungue wote."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi jambo limekwisha," akasema, akaanza kuzungumzia mvua.

Ningeweza kusema pale. Wantor alirudi, akakaa, wote wawili walikuwa mbele yangu. Badala yake nikaaga. Wantor akanifungia kiazi cha kuchoma nibebe, akanisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuwa na utu.

Kile kiazi nilikila Jumatatu, peke yangu, kwenye chumba cha tangi. Pampu zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Ukungu unapiga, unanyamaza, unapiga, unanyamaza. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele huko nyuma. Wenzangu walinyamaza nao, kila mmoja na sanduku lake, na nikiingia mahali maongezi yanapungua. Sijui kama walijua, au ni mimi niliyeanza kusikia hivyo.

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo.

*

Alhamisi Madam Ushie akaniita ofisini. Mezani alikuwa na karatasi mpya kutoka Ibadan.

Akaniambia nikae. Kisha akaniambia kwamba daftari linasema sanduku la kumi na tisa lina miche arobaini na mitano, lakini yeye alipochuma majani kabla ya kuchoma, alihesabu arobaini na sita.

Nikatazama mikono yangu.

"Majibu ya kila jani yamekuja," akasema. "Ugonjwa ulitoka kwenye shehena ya miche tuliyoletewa mwezi wa tatu. Yote ile ni migonjwa, hata ile ambayo majani yake bado hayajaonyesha dalili. Haukuja na viatu vya mtu."

Akageuza karatasi nione. Kulikuwa na safu ndefu ya namba, na mbele ya kila namba neno lilelile. Isipokuwa moja.

"Katika sanduku lako lote, mche safi ulikuwa mmoja tu. Huo wa arobaini na sita. Ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

Nikamwambia yote. Mchungwa, kitambaa kibichi, kitenge, pingili mbili zilizooza, siku ya jenereta. Nilieleza vizuri, hata sikutetemeka, na katikati ya maelezo nikaelewa ni kwa nini sitetemeki. Mche wangu haukuwa na hatia tena. Nilikuwa nakiri siku ambayo kukiri hakukuwa na uzito.

Madam Ushie naye alielewa.

"Alhamisi iliyopita niliuliza kama kuna mwenye la kusema," akasema. "Ungesema, ningepima jani moja moja kabla sijamfukuza mtu. Nilimwondoa Tyolumun kwa sababu watu sita walikaa kimya."

"Watano, Madam. Yeye alizungumza."

Akaikunja karatasi ya Ibadan.

Akauliza kama kuna kipande chochote cha mche ule kilichobaki. Alisema mche unaokaa sanduku moja na migonjwa bila kuugua ni kitu cha kutafutwa nchi nzima, na kama upo, ni wa kituo.

Nikasema haupo. Nikasema niliuchoma wote.

Ndiyo. Nilidanganya tena, dakika tatu baada ya kukiri, kwenye kiti kilekile. Niliona kile chumba changu, dumu juu ya kiti, jani likiwa limeanza kukaza, na mdomo ukasema wenyewe.

Akaandika barua. Ilikuwa fupi. Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba ndugu Tyolumun hahusiki na ugonjwa, kwamba mfanyakazi mwingine amekiri kuingiza mmea wa nje, na kwamba anaombwa arudi kazini Jumatatu.

"Ipeleke mwenyewe," akasema. "Yako wewe tutaizungumza ukirudi."

*

Nilifika saa kumi jioni. Uani palikuwa kimya. Wantor alikuwa peke yake, anachambua ufuta kwenye ungo. Aliinuka, akanipokea kwa mikono miwili kama juzi.

"Umemkosa, dada," akasema. "Ameondoka Jumanne. Kuna lori lilikuwa linapeleka watu Ondo, kwenye mashamba ya kakao. Amesema atarudi mwakani, Mungu akipenda."

Nikamuuliza kama anapatikana kwa simu. Akasema simu amemwachia yeye, lakini jana jioni aliazima ya mtu kambini kwa vibarua, akapiga, akaahidi kupiga kila siku.

Nikampa barua. Sikuwa na namna nyingine.

Wantor aliisoma akiwa amesimama. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho uso wake ukafunguka, nikaona meno yake yote, akaishika barua kifuani. Akasema alijua. Akasema mume wake si mchafu, anaoga mara mbili kwa siku.

Kisha akaisoma tena. Safari hii alisimama katikati.

"Mfanyakazi mwingine," akasema. "Ni nani huyo?"

Kuku alikuwa anadonoa ufuta uliomwagika na hakuna aliyemfukuza.

"Ni mimi," nikasema.

Hakupiga kelele. Alikunja barua kwa mistari yake ileile, akaiingiza kwenye bahasha, akakaa. Alichukua muda mrefu kukaa, kama mtu aliyeumia kiuno.

"Jumapili," akasema. "Pale ulipokaa. Nilipokuongezea mara ya pili. Ulikuwa unajua?"

"Wantor."

"Nimekuuliza kitu kidogo."

Nilifungua mdomo. Akainua kiganja.

"Usinijibu mimi. Atapiga saa kumi na moja. Kaa hapo. Utamjibu mwenyewe, na mimi nasikia."

Akatoa simu kwenye ncha ya kitenge chake, akaiweka juu ya kigoda kati yetu. Nilikaa. Hakunipa maji na sikuomba. Tuliitazama ile simu, ndogo, imefungwa mpira nyuma, kioo chake kina ufa.

Nilijaribu kupanga maneno. Nilijua Tyolumun angesema jambo limekwisha, angecheka, angeniuliza mgeni anaendeleaje, na Wantor angesikia kwamba hata mumewe alijua, na kwamba alikwenda Ondo akiwa anajua. Kama ningesema kweli, ningewaharibia wao. Kama ningenyamaza, ningekuwa nimefanya nilichozoea kufanya.

Saa kumi na moja na dakika saba simu ikaita.

Wantor hakuigusa. Aliisukuma kwa kidole upande wangu.